Saa Tatu Zilizomponza Mwanahawa

Nimestaafu mwezi uliopita, na vijana niliowaacha ofisini wameniomba niwaandikie niliyoyaona kazini. Nimekubali kwa sharti moja: vyeo na mishahara nitaviruka. Cheo changu kiliandikwa kwenye kibao cha mlango, na mlango wenyewe ulishaliwa na mchwa. Nitaandika yale ambayo ningependa mtu aniambie mimi siku niliposhuka Kilindoni kwa mara ya kwanza, nikiwa nimevaa sweta.

Ndiyo, sweta. Mimi ni mtu wa Makete, kwenye baridi, na hakuna aliyenieleza kwamba Mafia mtu hutoka jasho akiwa amekaa. Nilikuwa nimeajiriwa na mradi mdogo wa uhifadhi, miaka ile hifadhi ya bahari ilipokuwa bado ngeni na watu wanaulizana mipaka yake inaanzia wapi. Boti ilituleta kutoka Nyamisati. Mawimbi yalinisahaulisha hata jina langu, na tulipofika maji yalikuwa yamekupwa, boti haikuweza kusogea ufukweni. Mchukuzi mmoja akanibeba mgongoni. Nikiwa huko huko juu nikamwambia, "Habari za kazi?" Aliponitua kwenye mchanga ndipo akasema kwa upole, "Huku, binti, mkubwa tunamwamkia." Kwa umri alikuwa sawa na baba yangu.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Karibu Mafia."

Somo hilo la kwanza sikulipatia ofisini.

Ofisi yetu ilikuwa vyumba vinne karibu na soko. Mimi nilianza na taipureta. Vijiji vilikuwa na walinzi wa fukwe, wanaume kwa wanawake, waliotembea kila asubuhi kutafuta matagio ya kasa. Waliandika kwenye madaftari ya shule: ufukwe gani, tarehe gani, mayai mangapi, yameanguliwa lini. Madaftari yalikuja kwangu yakinuka chumvi na moshi wa kuni, nami nilipiga chapa. Nilijifunza mwandiko wa kila mlinzi. Wapo walioandika namba saba kama moja, na yupo mmoja aliyechora kasa pembeni kila alipofurahi.

Kisha zikaja kompyuta, na kwa kuwa mimi ndiye niliyejua kupiga chapa, nikaambiwa nizitunze. Hakuna aliyeona kwamba hizo ni kazi mbili tofauti. Walitufungia na seva, yaani kompyuta kubwa isiyokaliwa na mtu, ambamo sote tulihifadhi kazi zetu. Aliyeifunga alikuwa Fundi Haji, mtu wa Unguja, mwembamba, mwenye shati jeupe ambalo sikuwahi kuliona na doa. Alikuja kila baada ya miezi michache, akanywa kahawa chungu, akatengeneza, akaondoka. Nilichokijua baadaye kuhusu kompyuta, nusu alinifundisha yeye, na nusu nyingine nilifundishwa na makosa yangu.

Kesi yangu ya kwanza ilikuwa ya seva kuzimika. Kila siku ilizimika, ikajiwasha, watu wakapoteza kazi, lawama zikaja kwangu. Nilibadilisha nyaya. Nilifuta vumbi. Nilifika mahali pa kuiombea. Fundi Haji alipokuja akavuta kiti, akaniambia, "Bibie, umeiuliza?"

"Nimeiuliza nini?"

"Hiyo seva. Kila inachofanya inaandika. Mtu akiingia, inaandika. Akikosea neno la siri, inaandika. Akifuta kitu, inaandika. Ikizimwa bila kuagwa, ikiamka inaandika kwamba jana sikuagwa. Hizi ndizo kumbukumbu za matukio. Tuzisome."

Akafungua orodha ndefu, mistari juu ya mistari. Akanionyesha jinsi ya kubakiza mistari ya kuzimika tu. Ilikuwa ni ajabu: saa nne kasoro dakika tano, kila siku ya kazi. Jumamosi hakuna. Jumapili hakuna. Tukazidi kurudi nyuma, tukakuta mwezi mzima haikuzimika hata mara moja. Nikatafuta kalenda ukutani.

"Ramadhani," nikasema.

Fundi Haji akaweka kikombe chini. "Sasa seva nayo inafunga?"

Tukatazamana, kisha sote wawili tukageuka kuelekea mapokezi. Pale alikaa Bi Zaituni, mzaliwa wa hapa hapa Kilindoni, aliyepokea wageni na kutuchemshia chai. Soketi iliyokuwa nzima katika ukuta ule ilikuwa moja. Kila ilipokaribia saa nne, Bi Zaituni alichomoa waya asiyeujua ni wa nini, akachomeka birika la umeme.

"Nilikuwa naurudisha!" akajitetea. "Hata siku moja sijauacha nje!" Na ni kweli, alikuwa akiurudisha. Tulicheka mpaka Fundi Haji akafuta macho kwa kanzu aliyokuwa ameikunja kwenye mkoba. Birika likapatiwa soketi yake, na mimi nikapata kazi niliyoipenda kwa maisha yangu yote yaliyobaki.

Miaka ikaenda. Kompyuta zikawa nyingi, tukawa na kituo hata upande wa Ras Mkumbi, ambako hewa ya chumvi ilikula vibodi kwa zamu. Kumbukumbu za matukio zikawa nyingi kiasi kwamba huwezi kuzisoma kwa macho. Ndipo Fundi Haji akatufungia mfumo mpya uliokusanya kumbukumbu za kompyuta zote mahali pamoja, na ili kuzitafuta ilibidi ujifunze lugha yake ya kuulizia.

Nyinyi mmeikuta ipo na mnaiona kitu cha kawaida. Mimi niliiogopa. Maneno yake ni ya Kiingereza na hayasamehe. Ukikosea herufi moja inakunyamazia. Fundi Haji alinielewesha kwa namna ambayo mpaka leo ndiyo ninayoitumia. Unaanza kwa kutaja rundo zima la kumbukumbu. Unaweka kistari kilichosimama. Unasema unataka zipi zipite. Kistari tena. Unasema zipangwe au zihesabiwe vipi. "Kila kistari ni kifumbu," alisema. "Unachuja tui. Kinachopita hapa kinakwenda kuchujwa pale. Lakini angalia, bibie, usichuje mpaka ukamwaga na tui lenyewe."

Niliandika kila kitu kwenye daftari isipokuwa sentensi hiyo ya mwisho. Nilidhani ni mzaha.

Sasa nifike kwa Mwanahawa, maana najua ndiye mnayetaka kusikia habari zake, na yeye amenipa ruhusa niandike bila kupunguza.

Mwanahawa ni binti wa Kiegeani. Mama yake analima mwani. Alikuja kwetu kuwa karani wa kumbukumbu, na yale madaftari ya walinzi niliyokuwa nikiyapiga chapa mimi yakawa mikononi mwake. Alikuwa mwepesi na mkimya, na alikuwa na tabia ya kuwapigia walinzi simu kuwauliza kama ni saba au moja. Mimi sikuwahi kufanya hivyo. Nilikuwa nakisia.

Mwaka huo mjomba wake, Athumani, alikamatwa na nyama ya kasa. Kesi ikafunguliwa. Katika ushahidi zilitakiwa kumbukumbu zetu za ufukwe ule: kasa walipanda lini, wangapi, na nani aliona. Mwanahawa ndiye aliyeziandaa. Hakusema neno, na sisi hatukumuuliza.

Asubuhi ya Jumatano moja Meneja wetu, Bwana Kapinga, mtu wa Mbinga, mpole ila mwepesi wa hofu, akaja mlangoni kwangu amekunja uso. "Mama Upendo, folda ya kasa haipo."

"Ipi?"

"Ya misimu yote. Imefutwa. Na Jumatatu mahakama inataka ile karatasi."

Niliangalia. Haikuwepo. Nikafungua mfumo wa kumbukumbu, nikaandika swali langu: nipe matukio ya kufuta, ndani ya folda ile, na ili ripoti isomeke vizuri bakiza safu tatu tu, yaani saa, jina la akaunti, na tendo. Jibu likaja mstari baada ya mstari, na yote ilisema jambo lile lile. Jumanne. 7:40. Akaunti ya Mwanahawa. Kufuta.

Saa moja na dakika arobaini asubuhi. Sote tulijua nani hufungua ofisi saa moja na nusu. Ni yeye, peke yake, nusu saa kabla ya wengine.

Nilichapisha ile karatasi. Niwaambie ukweli: nilijivunia. Swali lilikuwa fupi, jibu lilikuwa safi, na nilimkabidhi Bwana Kapinga ikiwa bado ya moto kutoka kwenye mashine. Sikumwita Mwanahawa kwanza. Hilo sitalitafutia udhuru.

Aliitwa ofisini kwa Meneja mchana ule ule. Nilikuwepo. Aliingia, akaniangalia, akasema, "Shikamoo Mama Upendo." Kuitikia marahaba mbele ya mtu ambaye umebeba karatasi ya kumwangusha ni kazi nzito. Niliitikia.

"Jana saa moja na dakika arobaini ulikuwa wapi?" Bwana Kapinga akamuuliza.

"Hapa. Nilikuwa nafungua madirisha."

"Na nani?"

"Peke yangu."

Akasukumiwa karatasi. Aliisoma taratibu. "Jina ni langu," akasema. "Kufuta sikufuta. Kama ningetaka kumficha mjomba ningeacha kuiandika siku ile ya kwanza. Nani angejua?"

Sisi tulikuwa na karatasi. Akaambiwa akae nyumbani, kikao kitafanyika Ijumaa. Alichukua mkoba wake, akapita mapokezi. Bi Zaituni akasimama, akamshika bega, akanitazama mimi kwa jicho ambalo sikulipenda.

Ile sentensi yake ilinikaa kichwani. Nani angejua? Alikuwa sahihi. Hakuna ambaye angejua. Niliisikia nikila, nikapiga pasi nayo, nikaenda nayo kazini Alhamisi asubuhi.

Nilipoketi mezani nikafungua mfumo tena, safari hii bila kuchuja. Nilitaka tu kuiona siku nzima ilivyo, kama mtu anayepita sokoni bila kununua. Nikaona jina langu mwenyewe likiwa juu kabisa, limeingia dakika ile ile. Mama Upendo, kuingia, 5:02.

Saa kumi na moja na dakika mbili alfajiri.

Nikatazama saa ya mkononi. Saa mbili na dakika tatu. Saa kumi na moja alfajiri mimi nilikuwa kitandani, na mashahidi ninao. Nikatoka kwenye akaunti, nikaingia tena, nikaangalia. 5:04. Nikatoka, nikaingia. 5:05. Bi Zaituni alikuwa akinipitia na ndoo, akasimama. "Mbona unaingia na kutoka kama kuku?"

"Bi Zaituni," nikamwambia, "saa hii inadanganya." Kisha nikajirudi. Haikuwa inadanganya. Nilimpigia simu Fundi Haji Unguja, nikamsomea. Akasema neno moja la Kiarabu la kumwomba Mungu msamaha.

"Bibie, kosa ni langu pamoja nawe. Mfumo wa zamani ulikuonyesha saa za hapa. Huu mpya unaandika kwa saa za dunia, ili kompyuta za nchi zote zikubaliane. Sisi tuko mbele kwa saa tatu. Sikukwambia?"

"Hukuniambia."

"Basi ongeza tatu kwa kila unachokiona."

Saba na arobaini, ongeza tatu. Kumi na arobaini. Saa nne na dakika arobaini asubuhi, siku ya Jumanne. Nilikaa kama nimemwagiwa maji. Jumanne ile ilikuwa siku ya bamvua, maji yanakupwa mbali kabisa, na saa nne na kitu ndiyo saa wanawake wa mwani wako katikati ya kamba zao. Mwanahawa alikuwa ametumwa Kiegeani kuandikisha wakulima wapya. Saa nne na dakika arobaini alikuwa amesimama kwenye maji ya magoti, kalamu mkononi, na wanawake zaidi ya ishirini wakimtajia majina yao.

Kama ningeishia hapo ningekuwa nimemwokoa, lakini bado kulikuwa na swali. Akaunti yake ilifuta. Yeye hakuwepo. Nani?

Hapa vijana msikilize, maana ndiyo kazi yenyewe. Tukio la kufuta halikwambii mtu amekaa kwenye kompyuta ipi. Linabeba namba tu, namba ya kuingia. Ukiichukua namba ile, ukairudisha kwenye rundo zima, ukatafuta tukio la kuingia lenye namba hiyo hiyo, ndipo unakuta kompyuta. Nilikuwa nimezitupa safu hizo zote jana yake ili karatasi ipendeze. Nilikuwa nimemwaga na tui lenyewe. Nikaandika upya, nikakosea, ikaninyamazia, nikaandika tena. Jibu likaja: Mwanahawa aliingia Jumanne saa mbili na nusu asubuhi, kwenye kompyuta ya mapokezi, na hakutoka mpaka jioni ofisi ilipofungwa.

Nikaenda mapokezi. "Bi Zaituni, Jumanne Mwanahawa alikaa kwenye kompyuta yako?"

"Alikuja kuchapisha orodha ya watu wa mwani, mashine si iko hapa? Gari likampigia honi, maji yanamkimbia, akatoka mbio."

"Akaiacha wazi."

"Kwani inafungwa?"

"Na baada yake? Saa nne, saa nne na nusu, nani alikaa hapo?"

Bi Zaituni akainamia meza, akashusha sauti, ingawa tulikuwa wawili tu. "Mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

Akanyoosha kidole kwenye mlango wa Meneja. "Wageni walikuja na video zao za papa potwe, wakataka kutuachia. Akawa anaziingiza. Ikamwandikia imejaa. Akaniuliza, Zaituni, hii nini, miwani nimeiacha garini. Mimi nikamwambia, bwana mkubwa, mimi na hiyo kompyuta tunaheshimiana tu."

Ningeweza kwenda kwa Bwana Kapinga peke yake, nikamnong'oneza, yakaisha. Niliwaza hivyo. Lakini Mwanahawa alikuwa ametolewa mbele ya watu, na mimi ndiye niliyetoa karatasi. Nikaamua kungoja kikao. Kabla ya hapo lakini nilikuwa na safari.

Nilichukua bodaboda hadi Kiegeani mchana ule ule wa Alhamisi. Mama yake Mwanahawa alikuwa uani akianika mwani kwenye chanja. Hakunikaribisha, na sikustahili. Mwanahawa alitoka ndani amejifunga kanga, akasema, "Shikamoo."

"Marahaba. Mwanangu, nimekuja kukuomba radhi. Nilisoma saa vibaya, na nilikuhukumu kabla sijakuuliza. Mbele ya mama yako nasema, nimekosa."

Nikawaeleza yote. Mama yake akasikiliza mpaka mwisho, mikono imejaa mwani. "Yaani kompyuta yenu haijui saa za Mafia?"

"Inajua, mama. Mimi ndiye sikujua saa za kompyuta."

Akafikiri. "Mjinga mwenzangu basi," akasema, na ndipo akamwita mdogo mtu alete kiti. Tulikula muhogo na samaki wa kukaanga. Mwanahawa hakucheka siku ile, lakini alinisindikiza hadi barabarani, na njiani akaniuliza kitu kimoja tu: "Hiyo namba ya kuingia, unaifuataje?"

Ijumaa asubuhi tukakaa: Meneja, mimi, Mwanahawa, Bi Zaituni, na walinzi wawili wa fukwe waliokuwa wameleta madaftari. Bwana Kapinga akafungua kikao kwa huzuni ya kweli. Nikaomba kusema.

"Naomba nianze na kosa langu," nikasema. Nikaeleza saa tatu. Nikaingia kwenye akaunti yangu mbele ya macho yao, nikawaonyesha saa ya ukutani na saa ya kwenye skrini. Walinzi wakaelewa upesi kuliko wasomi. Mtu anayeishi kwa maji kujaa na kupwa hashangai kwamba saa zina hesabu zaidi ya moja. Nikaeleza kompyuta ya mapokezi. Nikasema kufuta kulifanyika saa nne na dakika arobaini, na aliyekaa pale wakati huo aliingiza video za papa potwe. Sikutaja jina.

Bwana Kapinga alivua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa, akaivua tena.

"Iliniambia diski imejaa," akasema polepole. "Nikaona folda. Niliisoma KAZI ZAMANI. Nikasema kazi za zamani za nini."

"Iliandikwa KASA ZAMANI," nikasema.

"Sikuwa na miwani." Akasimama. Meneja wetu, mtu mwenye mwili mkubwa, akazunguka meza mpaka alipokaa Mwanahawa. "Binti yangu, nimefuta mimi. Nimekutuhumu wewe kwa mkono wangu mwenyewe. Nisamehe."

Mwanahawa aliangalia chini. Halafu mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. "KAZI ZAMANI," akasema, na hapo Bi Zaituni akapasuka, walinzi wakapasuka, na Meneja mwenyewe akalazimika kuketi. Hofu ya siku tatu ilitoka yote kwa mpigo. Tulicheka mpaka watu wa duka la jirani wakachungulia dirishani.

Tulipotulia, Mwanahawa akainua mkono. "Na mimi nilikosa. Niliacha akaunti wazi." Tukaliandika hilo nalo kwenye kumbukumbu za kikao, maana lilikuwa kweli.

Kazi zilirudije? Nilikuwa na diski ya nakala niliyoihifadhi kwenye bati la biskuti lenye mchele wa kuzuia unyevu. Nilifanya nakala kila msimu ulipokaribia kwisha. Ilitupa karibu yote. Zilizokosekana zilikuwa za wiki za mwisho za msimu uliopita, na humo ndimo ilimokuwa karatasi ya ufukwe wa mjomba Athumani. Walinzi walikuwa na madaftari yao. Jumatatu ilikuwa karibu. Nilivuta daftari la ufukwe ule upande wangu, nikamwambia Mwanahawa, "Hili niachie mimi."

Akaliwekea mkono juu. "Niliiandika mara ya kwanza mwenyewe, Mama Upendo. Naiandika na ya pili."

Tulipiga chapa Jumamosi nzima, watu watano kwenye kompyuta tatu, Bi Zaituni akitusomea kwa sauti huku birika likichemka. Pale mwandiko uliposhinda macho yetu, walinzi wenyewe walikuwepo kusema ni saba au ni moja. Yule wa kuchora kasa tulimwambia kompyuta haina mahali pa kasa wake. Alisononeka kidogo.

Jumatatu karatasi ilifika mahakamani. Mjomba Athumani alikiri, akapewa adhabu ya kazi za jamii, kusafisha ufukwe ule ule. Kwa miezi kadhaa hakumsemesha mpwa wake. Siku ya Idi alimpelekea sahani ya pilau kwa mkono wake mwenyewe, akaiweka, akasema, "Ulisema kweli," akaondoka. Mwanahawa aliniletea nusu ya ile pilau kazini. Nimekula vyakula vingi kisiwani hapa; kile nakikumbuka.

Tangu hapo alianza kukaa nami kila baada ya saa za chakula cha mchana, akijifunza lugha ya kuulizia. Alinipita ndani ya mwaka mmoja. Maswali yake yalikuwa marefu kuliko yangu na yalikuwa na subira. Fundi Haji alipokuja kwa mara ya mwisho kabla macho yake hayajachoka, alimtazama akifanya kazi, akanywa kahawa yake, akanigeukia. "Bibie, huyu hachuji mno." Kwa Fundi Haji hiyo ilikuwa hotuba nzima.

Nilipofikia umri wa kustaafu hakukuwa na mjadala wa nani achukue kiti changu. Siku ya mwisho waliniandalia wali wa nazi na kuku, Bwana Kapinga, ambaye naye amestaafu, akaja na miwani mbili, moja usoni na moja mfukoni. Mwanahawa akaniambia ni lazima afunge akaunti yangu jioni ile. Ndiyo taratibu, na taratibu ile niliiandika mimi. Nikamwambia afunge.

Nimekaa nyumbani wiki ya kwanza vizuri. Nimepanda mchicha. Nimelala mchana kama mtu mwenye cheo. Wiki ya pili, asubuhi moja, nilikuwa na simu mkononi na ukurasa wa kuingilia kazini ulikuwa bado umo. Sijui niseme nini zaidi. Niliandika jina langu na neno langu la siri. Likakataliwa. Labda nimekosea herufi, nikasema. Likakataliwa. Nikaandika kwa herufi kubwa.

Sijaiweka simu chini ikaita.

"Shikamoo Mama Upendo," akasema Mwanahawa.

"Marahaba, mwanangu. Habari za kazini?"

"Nzuri tu. Ila naona kuna mtu anajaribu kuingia kwa jina lako. Mara tatu sasa." Nyuma yake nilimsikia Bi Zaituni akijizuia kucheka na kushindwa. "Natakiwa kuandika ripoti. Lakini kabla sijaandika chochote, nimeona nikuulize wewe kwanza."